Kuandika riwaya ya upelelezi na mapenzi yenye mpelelezi mwanamke asiye polisi: mwongozo kamili kwa mwandishi wa Goma

Riwaya ya aina hii husimama juu ya swali moja: kwa nini mwanamke huyu, asiye na bunduki, sare wala mshahara wa kazi hiyo, ndiye anayeufikia ukweli kabla ya wenye mamlaka? Mwandishi asiye na jibu kabla ya kuanza sura ya kwanza ataishia kumwokoa mhusika wake kwa bahati, yaani kumfanya apite mlangoni wakati ule ule muuaji anapozungumza kwa sauti. Jibu ninalolitetea katika mwongozo huu ni kwamba anaufikia kwa sababu ya kazi yake ya kila siku na nafasi yake katika avenyu anamoishi. Anajua mambo ambayo polisi hawezi kuyajua, kwa kuwa polisi hajui hata kwamba yanapaswa kuulizwa.

Waliotangulia walilielewa hilo mapema. Mmarekani Anna Katharine Green, mnamo 1897, alimweka Amelia Butterworth dirishani usiku wa manane akiitazama nyumba ya jirani yake mjini New York. Udadisi wa mwanamke mtu mzima, ambao watu huucheka, ukawa chombo cha kazi. Mary Roberts Rinehart, mnamo 1908, alimwachia mwanamke aliyepanga nyumba ya shamba kwa likizo asimulie hatari zake kwa mdomo wake mwenyewe, na kutoka hapo riwaya ya wasiwasi na mapenzi ikapata sauti yake. Miss Marple wa Agatha Christie, aliyeonekana mara ya kwanza katika hadithi fupi mnamo 1927, huwatambua wauaji kwa kuwalinganisha na watu wa kijiji chake. Kwa Kiswahili, Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alitupa Bwana Msa mnamo 1960, mpelelezi wa akili na kiko. Mwanamke wa Goma mwenye cherehani na daftari la muso, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, bado ana nafasi tele ya kuandikwa.

Hatua ya kwanza: andika kwanza kile ambacho msomaji hataambiwa hadi mwisho

Kabla ya sura yoyote, andika ukurasa mmoja au miwili wa kilichotokea kweli, kwa mpangilio wa saa: nani aliuawa, nani aliua, kwa sababu gani, alitoka wapi, alipita wapi, alisema uongo upi na kwa nani. Karatasi hii haitaingia kitabuni. Kazi yake ni kukuzuia wewe mwenyewe usibadilishe muuaji katika sura ya kumi na tano kwa kuwa umemchoka.

Nitatumia mfano mmoja tangu hapa hadi mwisho. Mzee Kasereka, mfanyabiashara wa mbao, anakutwa amekufa alfajiri katika bonde dogo la mawe magharibi ya mji, upande wa kwenda Sake. Hana jeraha. Kila mtu anasema ni mazuku, na maiti inachukuliwa kwa maziko bila uchunguzi wowote. Ukweli ni kwamba mdogo wake, Bwana Muhindo, alikuwa ameuza parseli, yaani kiwanja, ya kaka yake kwa karatasi za kughushi, na kaka yake alikuwa ameligundua jambo hilo. Mpelelezi wetu ni Furaha, mshonaji, rafiki wa mjane na katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa.

Chagua namna ya kifo inayotokana na mahali. Mazuku ni mfano mzuri kwa sababu kila mkazi wa Goma anaijua na kwa sababu inaficha. Ni gesi ya kaboni dayoksaidi inayopenya kutoka ardhini. Haina rangi wala harufu, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa hujikusanya katika mabonde na mashimo, hasa usiku na alfajiri kabla upepo haujaitawanya. Mtu aliyesimama wima anaweza kupita salama pale ambapo mbuzi, mtoto, au mtu aliyeinama kuokota kitu anaanguka. Basi kifo cha namna hii hakishangazi mtu, na kile kisichoshangaza ndicho muuaji anachokitafuta.

Lakini uwe mwangalifu na maelezo. Ukisema gesi ilinuka, msomaji wa Goma atakifunga kitabu. Ukisema mpelelezi alifuata nyayo juu ya mawe ya volkano, atakifunga pia, kwa sababu lava iliyoganda haishiki nyayo. Kinachowezekana ni hiki: mvua ilinyesha kutoka saa nane hadi saa tisa za usiku, na mjane aliyeusindikiza mwili anamweleza Furaha kwamba koti la marehemu lilikuwa limelowa mgongoni, palipogusa ardhi, lakini kavu kifuani. Mtu aliyeanguka pale kabla ya mvua angelowa pande zote. Huyu aliletwa au alifika baada yake. Maelezo haya yanaweza kupita katikati ya mazungumzo kuhusu koti lipi azikwe nalo, na msomaji atadhani anasoma habari za majonzi tu.

Hatua ya pili: mpe kazi inayofungua milango

Orodhesha kazi tano za wanawake unaowafahamu, kisha kwa kila kazi jiulize: inamwingiza katika nyumba zipi, inampa karatasi zipi mkononi, inamfanya aaminiwe na nani, na inamfanya adharauliwe na nani? Dharau ni mali kwa mpelelezi, kwa sababu watu huzungumza mbele ya mtu wanayemdharau.

Mwanamke anayenunua sambaza bandarini kabla ya jua kuchomoza anajua ni mtumbwi upi uliorudi bila samaki. Anayevuka kila siku mpaka wa Petite Barrière kwenda Gisenyi, upande wa Rwanda, na beseni la bidhaa anajua sura za wavukaji kuliko maafisa wenyewe. Wakala wa kutuma pesa kwa simu anaona nani anamtumia nani, ingawa hapo utalazimika kushughulikia suala la siri za wateja, na ningependa mpelelezi wako aone aibu kidogo anapozivunja. Muuguzi anafaa, lakini ametumika mno.

Furaha nimempa cherehani na muso kwa makusudi. Mshonaji huingia chumbani, hupima mwili, hujua nani amekonda ghafla, na kipande cha kitenge kikiokotwa mahali anaweza kusema ni mshono wa nani. Muso nayo inampa muundo wa hadithi. Katika vikundi vingi vya aina hiyo sanduku la fedha huwa na kufuli tatu, na funguo hushikwa na wanachama watatu tofauti ili asiwepo anayeweza kulifungua peke yake. Mwandishi anayetafuta kitu cha kufungia siri, kwa mfano karatasi halisi ya parseli ambayo mjane aliificha humo, hahitaji kasha la benki: anahitaji wanawake watatu, mmoja wao akiwa amegombana na mwenzake.

Mpe pia kitu cha kupoteza. Furaha anaishi kwa wateja wa avenyu moja. Akimtuhumu mtu mkubwa bure, hatashona tena sare ya harusi hata moja.

Hatua ya tatu: chagua mwaka, kisha uutii

Goma ya mwaka mmoja si Goma ya mwaka mwingine, na kosa la mwaka huvunja njama nzima. Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji hadi ziwani na kufunika nyumba, njia na mipaka ya viwanja. Ugomvi wa parseli uliozaliwa hapo unaweza kuwa mzizi wa mauaji yanayotokea miaka mingi baadaye. Mei 22, 2021 mlima ulilipuka tena, na siku chache baadaye wakazi wa sehemu kubwa ya mji waliamriwa kuondoka. Mji uliohamwa na nyumba zilizoachwa na majirani waliotawanyika ni sura ya wasiwasi iliyo tayari. Mnamo 2020 mpaka ulifungwa kwa ajili ya korona. Mwishoni mwa Januari 2025 mji uliangukia mikononi mwa waasi wa M23, na uwanja wa ndege ukafungwa. Mhusika wako wa wakati huo hawezi kuruka kutoka Kinshasa asubuhi na kufika kilioni jioni.

Mfano wetu unahitaji ndege, kwa hiyo nimeuweka 2019, mwaka ambao Ebola ilifika Goma, na msafiri alipimwa joto la mwili na kunawa mikono kwa maji ya dawa kila alipofika mpakani au uwanjani. Usiyaache mambo kama hayo yawe pambo. Foleni ya kunawa mikono ni mahali pa watu kukutana bila kutaka.

Hatua ya nne: jifunze sheria kiasi cha kuweza kuivunja kwa maarifa

Wapelelezi wa kujitolea wa nchi nyingine humpigia simu inspekta rafiki yao. Hapa yuko OPJ, yaani afisa wa upelelezi wa polisi, yuko mwendesha mashtaka, yuko shefu wa avenyu anayejua nani amehamia lini, na mara nyingi yuko ndugu wa mtu fulani mwenye cheo. Andika jinsi mambo yanavyokwenda kweli, bila kumfanya kila polisi kuwa mwizi. OPJ mwaminifu asiye na mafuta ya pikipiki anasisimua zaidi kuliko mla rushwa ambaye tumeshamsoma.

Mambo mawili ya sheria yatakusaidia sana. La kwanza ni saa 48. Katiba, katika kifungu cha 18, inasema mtu hawezi kushikiliwa na polisi kupita muda huo bila kuachiwa au kufikishwa mbele ya mamlaka ya mahakama. Kama mtu anayependwa na mpelelezi amekamatwa Ijumaa jioni, una saa inayogonga katika kila sura, na una hofu kuu zaidi ya kwamba saa hiyo haitaheshimiwa.

La pili ni mirathi. Sheria ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inawapa watoto wa marehemu robo tatu ya mali, pamoja na mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa ikiwa baba alimtambua akiwa hai. Robo inayobaki inawahusu mjane, wazazi na ndugu wa marehemu. Katika nyumba nyingi, hata hivyo, ndugu wa mume hufika na kutenda kana kwamba vyote ni vyao, na mjane asiyeijua sheria hukubali. Hapo kuna hadithi. Bwana Muhindo anaweza kuhesabu maisha yake yote juu ya desturi, na Furaha akamshinda kwa kumpeleka mjane kwa mwanasheria. Ukimleta pia kijana wa miaka kumi na minane mwenye cheti cha kuzaliwa chenye saini ya marehemu, utakuwa na mtuhumiwa mpya ambaye ni mrithi halali.

Hatua ya tano: tega kidokezo kimoja kikubwa na ukitendee haki

Hii ndiyo hatua inayostahili muda wako mwingi. Riwaya inaweza kuwa na vidokezo vidogo kumi, lakini inahitaji kimoja kinachobeba uzito wote, ambacho msomaji alikiona kwa macho yake na hakukitambua. Nitakionyesha hatua kwa hatua.

Goma na Kinshasa ziko katika nchi moja lakini haziko katika saa moja. Goma iko mbele kwa saa nzima. Watu wote wenye ndugu Kinshasa wanalijua hili, na wote hulisahau.

Mwili unapatikana alfajiri. Saa 12:40 asubuhi, ambayo kwenye simu huandikwa 06:40, Furaha anatuma ujumbe katika grupu la WhatsApp la familia na majirani: Mzee Kasereka ametutoka. Asubuhi ile ile Bwana Muhindo, anayedai yuko Kinshasa kwa biashara, analalamika kwa hasira kwamba yeye, ndugu wa damu, amejulishwa kifo cha kaka yake kwenye grupu kama mgeni. Ili aonyeshe alivyodhalilishwa, anatuma picha ya skrini ya simu yake yenye ujumbe wa Furaha. Siku ya pili anatua kwa ndege, analia kuliko wote, na analipia jeneza.

Picha ile inaonyesha 06:40. Kama simu yake ingekuwa Kinshasa, ingeonyesha 05:40.

Sasa uitendee haki. Kwanza, picha lazima ielezwe kwa msomaji kwa ukamilifu, saa ikiwemo, katika sura ambayo hisia zake zinavutwa na jambo jingine: hapa ni aibu ya Furaha, ambaye anaomba radhi mbele ya watu wote. Pili, tofauti ya saa lazima itajwe mahali pengine, mapema na kwa sababu nyingine, kwa mfano binti wa Furaha anapopiga simu Kinshasa kwa shangazi yake na kugombezwa kwa kumwamsha. Tatu, ziba mwanya: msomaji mjanja atasema labda simu ya Muhindo ilibaki na saa ya Goma. Basi katika sura ya awali, Muhindo huyo huyo awachekeshe watu mezani kwa kueleza jinsi simu yake inavyojibadilisha saa yenyewe kila anapotua N'djili, uwanja wa ndege wa Kinshasa. Nne, chukua tahadhari na ufundi: lazima iwe picha ya skrini iliyopigwa siku ile, kwa maana akimwonyesha mtu ujumbe wenyewe baadaye akiwa Goma, simu itakuwa imerudi kwenye saa ya Goma na kidokezo kitakufa.

Kati ya sura ya picha na sura ya ufumbuzi weka umbali wa kutosha, angalau theluthi ya kitabu. Na Furaha asilitambue jambo hilo kwa kukaa na kuwaza. Alitambue anapomtumia shangazi wa Kinshasa vipimo vya gauni, shangazi akamrudishia picha ya skrini akiuliza kuhusu kiuno, na saa zisilingane.

Kuhusu vidokezo vya kupotosha nitasema kidogo: kila kimoja kiwe na maelezo yake ya kweli. Noti ya dola mia yenye mpasuko mdogo, ambayo kila duka limeikataa na kwa hiyo kila muuzaji anaikumbuka, inaweza kumfikisha Furaha kwa mtu asiye na hatia mwenye siri nyingine kabisa.

Hatua ya sita: mapenzi yawe sehemu ya ushahidi

Kosa la kawaida ni kuandika riwaya mbili zinazopishana: sura ya maiti, sura ya busu. Katika riwaya ya wasiwasi na mapenzi, mwanamume anayependwa lazima awe mtuhumiwa wa kweli, na kila hatua ya kumkaribia iwe pia hatua ya kukaribia hatari. Swali la moyo na swali la kesi viwe swali moja: je, naweza kumwamini?

Kwa hiyo Bahati, mwanamume anayependwa na Furaha, nimemfanya kuwa mpima ardhi. Aliipima parseli ya marehemu mara mbili na hakumwambia Furaha. Ana sababu nzuri ya kunyamaza, lakini msomaji haijui hadi karibu na mwisho. Muhindo, kwa upande mwingine, ni mkarimu, ana maneno matamu, humwita Furaha “dada yangu” na kumletea kitenge kutoka Kinshasa. Mpangilio huu wa mwanamume mkavu anayeficha jambo na mwanamume mwema anayeficha jambo baya zaidi ni wa zamani, lakini bado unafanya kazi mwandishi akiutendea kwa dhati.

Usisahau kwamba Goma ina macho. Mjane wa miaka thelathini na mitano, au mwanamke aliyeachika, hawezi kukaa na mpima ardhi mgahawani mara tatu bila avenyu nzima kujua, na wazee wa kanisa pia. Kizuizi hicho kinakufaa: wapenzi wako watalazimika kukutana kwa kisingizio cha kazi, kwenye ngazi za ofisi, au ndani ya boti ya kwenda Bukavu, ambako kwa saa kadhaa hakuna awezaye kuondoka. Boti ni mahali pazuri pa tamko la mapenzi na pazuri vilevile pa kugundua kwamba muuaji amepanda pia.

Hatua ya saba: hatari na lugha

Mpeleke mpelelezi hatarini kwa sababu inayoeleweka. Mwanamke mwenye watoto haendi peke yake bondeni usiku kwa sababu ya ujumbe usio na jina. Anaenda akiamini kwamba mjane ameshatangulia, na anabeba kibatari. Katika sura ya mwisho ya hatari, moto wa kibatari unapozimika bila upepo akiwa ameuinamisha hadi magotini, msomaji atakumbuka kila alichoambiwa kuhusu gesi, na hutahitaji kueleza neno.

Masimulizi yaandikwe kwa Kiswahili sanifu, ili yasomeke Bujumbura na Dar es Salaam, lakini wahusika waachwe waongee kama watu wa Goma. “Sijue, mama. Batu balisema njo mazuku, basi.” Sentensi moja kama hiyo katika ukurasa inatosha kumweka msomaji katika mtaa wa Birere, lakini ukurasa mzima wa namna hiyo utamchosha msomaji wa mbali. Zingatia zaidi namna watu wanavyoitana, kwa kuwa humo mna habari. Yule aliyekuwa akimwita mjane “shemeji” na ghafla akaanza kumwita “mama” tu, amebadilisha hesabu zake.

Hatua ya nane: jaribu kabla ya kuchapisha

Badilisha kila jina la mtu halisi, kila cheo kinachomtambulisha mtu mmoja, na kila nyumba inayotambulika. Mauaji ya kubuni yaliyowekwa katika parseli inayojulikana yanaweza kukuletea kesi ya kweli. Kama unatoa riwaya kwa vipande kwenye simu, tuma sura mbili kwa wiki na usimalize sura yoyote kwa mlango unaogongwa zaidi ya mara moja.

Sura ya ufumbuzi baki nayo. Wape wasomaji watatu kitabu kisicho na sura hiyo, mmoja wao awe mtu aliyewahi kuishi Kinshasa, na kila mmoja aandike jina la muuaji pamoja na ukurasa alipoanza kumshuku. Wote watatu wakimtaja Muhindo kwa sababu ya picha ya skrini, sogeza picha hiyo mapema zaidi kitabuni na uongeze aibu ya Furaha. Wakimtaja kwa sababu tu ya ukarimu wake, mpunguzie vitenge. Asipotajwa na yeyote, wape sura ya mwisho na uwaombe warudi kuitafuta saa ile kitabuni. Wasipoiona ndani ya dakika chache, iandike upya sura ya picha.